Nimvue mtoto mashine ya kusikia ili awe salama?

Swali: "Shikamoo daktari. Mwanangu wa kike ana miaka miwili na miezi minane. Alizaliwa hasikii, akapandikizwa kifaa cha kusikia sikio la kulia, na mashine iliwashwa miezi saba iliyopita. Wiki jana alianguka barazani akagonga kichwa upande ule ule wa kifaa. Alilia, pakavimba kidogo, kesho yake uvimbe ukaisha. Tangu siku hiyo mama mkwe hataki kabisa mtoto acheze na mashine kichwani. Anasema kile chuma kikigongwa kitazama kwenye ubongo, na mvua za radi hizi ndiyo usiseme. Na mimi nimeogopa. Sasa namvalisha asubuhi kwa muda wa saa tatu tu tukiwa wawili ndani, namfundisha maneno, kisha namvua ndipo anatoka kucheza na kaka yake. Chekechea tuliyopata wanasema watampokea ila mashine ibaki nyumbani, wasije wakadaiwa ikipotea. Tunakaa karibu na bahari na watoto wote wa huku wanaogelea. Halafu kaka yake ana mchezo wa kuichomoa. Mwezi uliopita nilikuta kifuniko cha betri kiko wazi, na betri moja sijaiona mpaka leo. Naomba ushauri: nifanyeje mtoto awe salama na mashine isiharibike?"

Marahaba mama. Pole kwa hofu, na pole kwa mtoto.

Jambo la mwisho umelitaja kama la kupita njia, na ndilo lililofanya chai yangu ipoe mezani. Naanza nalo.

Betri zinazotupwa za mashine hizi ni vidonge vya chuma vyenye upana wa milimita 11.6, kama kifungo cha shati. Mtoto wa miaka miwili huweka mdomoni, na mwenye udadisi zaidi huweka puani au sikioni. Watu hudhani hatari yake ni mpaka ipasuke imwage sumu. Haihitaji kupasuka. Ikikwama mahali penye ute, umeme hupita kwenye ute huo kutoka upande mmoja wa betri kwenda mwingine, na kwenye upande wa hasi hutengenezeka kemikali kali, jamaa ya ile kostiki soda ya watengeneza sabuni. Inaunguza nyama kimyakimya. Hizi za mashine ya kusikia nguvu yake ni ndogo, na zikishafika tumboni mara nyingi hutoka zenyewe na choo, ila puani na sikioni zinaharibu vibaya. Zilizo hatari kupita zote ni zile bapa za milimita 20, za rimoti, mizani ya jikoni na midoli inayoimba. Hizo zikinasa kwenye umio zinaweza kuunguza ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo siku nyingine betri ikipotea na una shaka hata kidogo, usisubiri choo. Nenda hospitali yenye eksirei siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na mlangoni sema neno "betri", kwa sababu kwenye picha betri hufanana mno na sarafu, na sarafu haina haraka kama betri. Usimtapishe. Kama mtoto ameshapita mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12 tangu ameze, unaweza kumpa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, huku mko njiani. Asali inapunguza kuungua. Haiondoi betri, na isiwe sababu ya kuchelewa nyumbani. Ikiwa iko puani au sikioni, usitie tone lolote, si maji ya chumvi wala mafuta.

Kwa hiyo ya mwezi uliopita, uwezekano mkubwa iko chini ya kabati au ilishatoka. Lakini mtazame: anakataa vyakula vigumu? Anakohoa au kukoroma bila mafua? Pua upande mmoja inatoa uchafu wenye harufu? Sikio lolote kati ya mawili linatoa chochote? Choo ni cheusi? Moja ya hayo likiwepo, nenda leo. Hata yasipokuwepo, mimi ningemwomba daktari eksirei moja tu ili nilale usingizi. Halafu muulize mtaalamu wako wa usikivu kuhusu kufuli ya mlango wa betri. Mashine nyingi za watoto wadogo zina skrubu ndogo au kitufe cha kufungia, na nakuta mara nyingi haijawahi kufungwa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mzazi. Betri zilizokwisha usiziache dirishani. Ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, juu asikofika kaka yake.

Sasa turudi kwa bibi na chuma kitakachozama kwenye ubongo.

Ngoja nikueleze daktari alimwekea nini mwanao. Nyuma ya sikio, chini ya ngozi, juu ya mfupa wa fuvu, kuna kikasha bapa, kwa kawaida cha titaniamu, kinachokaa kwenye kitanda chake pale mfupani. Kikasha hicho hakimo ndani ya ubongo wala hakiugusi. Kutoka humo unatoka uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, 12 hadi 22 kutegemea kampuni, ambao umeingizwa kwenye koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojikunja kama nyumba ya konokono. Kwa mtu anayesikia, mfereji huo una vinyweleo hai vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme wa mshipa wa fahamu. Kwa mwanao vinyweleo havifanyi kazi, basi vituo vile vinausisimua mshipa moja kwa moja. Mashine ya nje inanasa sauti, inaichambua, na kile kiduara chenye sumaku kinairusha kupitia ngozi kwa mawimbi ya redio.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: sehemu ya ndani haina betri. Umeme wake wote unatoka nje kupitia kile kiduara. Ukikibandua, kilichobaki kichwani ni chuma kilicholala. Kwa hiyo habari ya radi haina msingi. Kifaa hakiiti radi, kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Mvua ya radi ikija, mwingize mtoto ndani kama unavyomwingiza kaka yake, na mashine aendelee kuivaa ili akusikie unapomwita aingie.

Je, kikigongwa kinaweza kuharibika? Ndiyo, sitakudanganya. Pigo kali la moja kwa moja linaweza kupasua kifaa au kukisogeza, na watoto hupatwa na hayo kuliko watu wazima kwa sababu wanaanguka zaidi. Ikitokea, hufanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa, na wengi hurudi kusikia kama awali. Ni gharama na ni maumivu, kwa hiyo tunakinga. Lakini tazama kwa makini: kinachogongwa ni kile cha ndani. Ukimvua mashine ya nje, cha ndani kiko pale pale. Umeondoa masikio yake, kichwa hujakikinga hata kidogo.

Na hapa ndipo mimi na bibi tunapoachana kabisa. Mtoto asiye na mashine hasikii "simama". Hasikii pikipiki, hasikii sufuria ya maji moto ikitangazwa njia, hasikii kaka akisema "usiguse". Kuna la zaidi. Mizani ya mwili, ile inayotufanya tusimame bila kuyumba, iko kwenye sikio la ndani, jirani wa ukuta mmoja na koklea. Watoto wengi waliozaliwa na uziwi mkubwa wana hitilafu huko pia. Nikuulize: mwanao alianza kutembea lini? Kama alipita miezi 18 kabla ya kutembea, au anapepesuka mno gizani na kwenye mchanga, waambie kliniki wampime usawa wa mwili. Watoto wa aina hii ndio wanaoanguka sana na ndio ambao vifaa vyao huharibika zaidi. Na la kushangaza, vipimo vimeonyesha kwamba baadhi yao husimama imara kidogo zaidi mashine ikiwa imewashwa kuliko ikiwa imezimwa, huenda kwa sababu sauti nayo inamwambia mtu yuko wapi. Kwa hiyo kumvua ili asianguke kunaweza kumfanya aanguke.

Akianguka tena, kwanza mtazame kama mtoto, kabla ya kuwaza kifaa. Amezimia? Anatapika tapika? Anasinzia kuliko kawaida, au analia kilio usichokielewa? Hospitali, bila kujali kifaa. Akiwa mzima, papasa taratibu ngozi juu ya kikasha ukilinganisha na ulivyozoea. Pakivimba, usimkande. Najua mkono wa bibi unakimbilia kitambaa na maji moto, lakini hapo si pa kukanda, si pa kuchua na si pa kutoboa. Usibandike sumaku juu ya uvimbe. Piga simu kliniki, muonwe siku hiyo au kesho yake.

Palipo shwari, mvalishe umjaribu kwa sauti sita. Huenda ulifundishwa, na kama hukufundishwa ni hizi: mmm, uuu, aaa, iii, shhh, sss. Zimechaguliwa kwa sababu zinatembea kutoka sauti nzito za chini hadi zile nyembamba za juu, ambamo sehemu kubwa ya maneno ya watu imo. Sisi wa Kiswahili tuna bahati, zote ni sauti zetu za kila siku. Keti nyuma yake kidogo ili asisome mdomo, mpe kikombe na vifuniko vya soda, na kila akisikia sauti atumbukize kimoja. Tamka kwa sauti ya kawaida, na nyamaza muda usiolingana kati ya moja na nyingine asije akakisia. Leo fanya mara mbili, kisha iwe kazi ya kila asubuhi kabla ya uji. Siku moja akiikosa "sss" aliyokuwa akiipata, badilisha betri kwanza, kisha waya, kisha kiduara kama mna cha akiba. Mara nyingi kosa liko nje. Vyote vikibadilishwa na bado haitikii, au akianza kukunja uso na kung'oa mashine kila ikiwashwa wakati zamani aliipenda, hilo ni la kliniki. Wataiunganisha na kompyuta yao na kupima kituo kimoja kimoja bila kumfungua mtoto.

Mwanao aligongwa wiki nzima iliyopita na hujaniambia kama baada ya hapo anasikia kama zamani. Hata zoezi likienda vizuri, omba wampime safari hii.

Sasa hizo saa tatu. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu. Mtoto wa umri wake yuko macho kama saa 12 kwa siku. Akivaa saa tatu, anapata robo. Ukiendelea hivyo, miezi saba mingine ya kuwashwa itakuwa na uzito wa miezi isiyotimia miwili. Na ni robo ipi? Ile ya darasa, mama na mtoto na picha za ng'ombe. Mchezo barazani, ugomvi na kaka, muuza ndizi akinadi mlangoni, bibi akiguna, vyote hivyo ndiyo lugha, na vyote vinapita mashine ikiwa kabatini. Ubongo wa mtoto una miaka michache ya mwanzo ambamo sehemu ya kusikia iko tayari kujengwa. Isipopata sauti, nafasi yake huanza kutumiwa na kazi nyingine, kama uwanja usiozungushiwa ua. Ndiyo maana waganga wa masikio hukimbizana na umri, na ndiyo maana familia yenu ilihangaika mpaka akapandikizwa. Lengo ni mashine ianze kuvaliwa akiamka na ivuliwe akienda kuoga na kulala. Usiogope kwamba ubongo "utachoka". Wako wewe unapokea sauti kutwa nzima, na wake nao unazihitaji.

Haitarudi kwa siku moja, maana ameshazoea nusu ukimya. Ongeza nusu saa kila siku, na uanze na saa anazozipenda, za mchezo, badala ya zile za masomo.

Ili isidondoke, dawa ni nyingi na za bei ndogo. Utepe wa kichwani wa kitambaa laini wenye kimfuko upande wa kulia unashonwa na fundi yeyote kwa nusu saa. Kamba fupi yenye klipu, upande mmoja kwenye mashine na mwingine nyuma ya kola, inafanya ikichomoka ining'inie mgongoni isianguke kisimani. Iwe fupi, na isizunguke shingo kamwe. Ukimbeba mgongoni kwa kanga, angalia upande wa kulia usisuguliwe na bega lako, ndipo inapochomokea. Ikipotea ndani ya nyumba, kabla hujapindua makochi pitia vyuma: mguu wa kitanda, mlango wa friji, nondo ya dirisha. Sumaku yake inang'ang'ania chuma. Nimewahi kumwona baba mmoja akitafuta mashine ya mwanawe kutwa nzima, kumbe imeganda chini ya baiskeli.

Nywele nazo nizitaje kwa kuwa ni binti. Msusi aache sehemu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili pale sumaku inapokaa, nywele ziwe fupi au zilale bapa. Mabutu yakipita juu yake, kiduara kinakaa juu juu na kudondoka, na mama anaomba sumaku kali zaidi, ambayo nayo inaminya ngozi. Kila jioni angalia ngozi hiyo. Wekundu unaoisha kwa dakika chache si neno. Pakibaki pekundu, pakilainika au pakichubuka, sumaku ni kali mno, na kliniki wana nyepesi zaidi. Usisubiri kidonda hapo, kwa sababu chini yake ndiko kifaa kiliko. Mtandio mwepesi hauna shida, mradi nguo nzito isifunike maikrofoni.

Jasho na unyevu wa pwani vinaua mashine kuliko mianguko. Usiku iweke kwenye kikasha kinachofungwa vizuri chenye vidonge vya kukausha, ukibadilisha vidonge vinapogeuka rangi. Wengi huniambia wanaiweka kwenye mchele. Mchele una vumbi la unga, linaingia kwenye tundu la maikrofoni na sauti inafifia bila mtu kujua sababu. Uacheni mchele uwe pilau.

Umeme tuli, ule unaochomachoma ukivua sweta, ni hofu ya nchi zenye hewa kavu. Huku pwani ni nadra, na mashine za sasa zimekingwa. Mkienda kwenye mitelezo mikubwa ya plastiki ya viwanja vya michezo, watengenezaji wengine hushauri kuvua kwa dakika hizo chache, na hilo sina ugomvi nalo. Bembea na mpira, aendelee navyo. Baiskeli akikua, na helmeti. Ngumi na mieleka hapana.

Bahari sasa. Hapa nitakuwa mkali kuliko bibi. Mashine ya kawaida huvuliwa kabla ya maji, na hata zenye kava la kuzuia maji zinahitaji umakini. Ikishavuliwa, mwanao ni kiziwi kabisa, umwite ukiwa hatua moja au mia. Na kama mizani yake ya ndani haifanyi kazi, akizama mahali maji yamechafuka anaweza asijue juu ni wapi, maana macho hayaoni na mwili haumwambii. Afundishwe kuogelea, ndiyo, tena mapema. Lakini mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye, karibu kiasi cha kumshika mkono. Kuwa ufukweni na simu hakutoshi, na kaka yake si mlinzi. Ndoo na mapipa ya maji uani yafunikwe. Watoto wadogo huzama humo hata wenye masikio mazima, nusu ndoo tu inatosha.

Barabarani kuna jambo watu hawalitegemei. Kwa sikio moja atasikia pikipiki inakuja ila hatajua inatokea wapi. Kujua upande kunahitaji masikio mawili, ubongo ulinganishe lipi limetangulia kusikia. Kifaa cha sikio la pili husaidia, ni jambo la kuzungumza na daktari kama uwezo upo, na si kosa kama haupo. Kwa sasa, mkono wake uwe mkononi mwako, na umfundishe mchezo wa kusimama kwa jina: mkicheza uani, ukiita jina lake kwa ghafla, wote mnaganda kama mawe. Kaka yake ataupenda. Baada ya miezi utaona kazi yake.

Kuna jambo kubwa kuliko radi na mianguko, na barua yako haikulitaja: homa ya uti wa mgongo. Uzi ulioingia kwenye koklea unaweza kuwa njia ambayo bakteria wa maambukizi ya sikio la kati hupitia kufika kwenye maji yanayozunguka ubongo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya watoto 4264 waliopandikizwa kati ya 1997 na 2002 kabla ya kutimiza miaka sita. Kati yao 26 walipata ugonjwa huo, na ile aina inayoletwa na bakteria wa nimonia iliwapata zaidi ya mara 30 kuliko watoto wengine. Aina moja ya kifaa iliyokuwa na kabari ndogo ya kusukuma uzi ndiyo iliyoongoza, na iliondolewa sokoni 2002. Ni wachache, hata mmoja kwa mia hawafiki, lakini ugonjwa wenyewe unaua.

Kinga kubwa ni chanjo. Toa kadi ya kliniki uangalie kama alipata dozi zote tatu za PCV, chanjo ya kukinga bakteria hao wa nimonia, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tanzania iliianza chanjo hiyo kwa watoto mwishoni mwa 2012, kwa hiyo ziwepo. Kwa mtoto mwenye kipandikizi hizo tatu huenda zisitoshe. Muulize daktari kuhusu dozi ya ziada, na kuhusu chanjo nyingine iitwayo PPSV23, inayotolewa baada ya miaka miwili, angalau wiki nane baada ya PCV. Haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki za watoto, lazima uiulizie.

Sikio likiuma au kutoa usaha, aonwe siku hiyo au inayofuata. Usitie mafuta ya nazi wala kitunguu saumu. Akipata homa kali pamoja na kutapika, shingo ngumu, kuogopa mwanga, kusinzia kusiko kawaida au degedege, ni hospitali usiku huo huo, na mwambie daktari wa zamu kwamba ana kipandikizi cha koklea. Huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kipimo cha malaria afanyiwe, lakini kikitoka chanya watu hufunga faili na kwenda nyumbani. Waombe waangalie na masikio.

Daktari asiyemjua lazima aambiwe mambo mawili. Asiingizwe kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku kali, kabla kituo kilichompandikiza hakijasema aina ya kifaa, kwa sababu sumaku ya ndani inaweza kuvutwa. Aina nyingine zinaruhusu kwa masharti. Na akifanyiwa upasuaji, kisu cha umeme cha ncha moja kisitumike kichwani wala shingoni. Eksirei, CT na altrasaundi hazina neno. Kadi ya kifaa ipige picha uiweke kwenye simu yako na ya baba yake.

Chekechea siwalaumu, wanaogopa deni. Nenda mwenyewe siku moja, si kwa simu. Waandikie kuwa ikipotea au ikivunjika hamtawadai, tia sahihi. Kisha mfundishe mwalimu mmoja mambo matatu tu: kuirudisha ikichomoka, kujua taa ya betri iliyokwisha, na kumkalisha mbele sikio la kulia likimwelekea mwalimu. Waachie betri za akiba kwenye kikopo kilichofungwa. Wakikataa bado, tafuteni pengine. Shule ambayo mtoto anakaa kutwa bila kusikia haimlei wala haimlindi.

Kwa kaka yake, usimchape. Mpe cheo. Awe yeye anayeangalia taa asubuhi na kutangaza "iko sawa", na kwa kawaida mchezo wa kuchomoa huisha wenyewe, maana alikuwa anautaka usikivu wako.

Usiku mashine ikiwa kikashani, acha taa ndogo. Akishtuka gizani hasikii na haoni, yuko peke yake kuliko tunavyoweza kufikiri. Umguse begani taratibu kabla hujamwinua. Na mjifunze ishara chache nyumba nzima: simama, hatari, moto, maji, njoo, inauma. Wapo watakaokwambia ishara zitamfanya mvivu wa kusema. Sijaona hivyo. Kuna saa za kuoga, za bahari, za betri kuisha wakati wa mgao, na saa hizo naye ana haki ya kuambiwa kitu. Lugha ya Alama Tanzania ina walimu, na viziwi watu wazima watakuelekeza vizuri kuliko mimi.

Kabla ya 2017, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walipoanza kupandikiza, familia kama yenu zililazimika kupanda ndege, wengi kwenda India, na marekebisho yakawa ya mara moja kwa mwaka, kama yalikuwepo. Nyinyi mnaweza kupanda daladala. Basi wiki hii nendeni kliniki: wapime kifaa baada ya mwanguko, wafunge mlango wa betri, waangalie sumaku na ngozi, waulizwe habari ya mizani na chanjo.

Na bibi mchukueni. Mashine nyingi zina spika ndogo za masikioni ambazo mtaalamu huziunganisha ili kusikiliza kile maikrofoni inachonasa. Muombe amvalishe bibi, kisha wewe simama mlangoni uite jina la mjukuu wake kwa sauti ya kawaida.